Kisu cha Kufungua kwa Mkono Mmoja

Kambini, 9 Februari

Kaka Bisibisi,

Shikamoo. Mimi huku mzima kama kigingi, na mashaka yote nayaweka kwako wewe unayekula vumbi la tupa kutwa nzima. Wifi hajambo? Yule binti yenu bado ananiita "thangathi", au meno ya mbele yameota na utamu umekwisha? Mama nitamwandikia barua yake peke yake. Nikimchanganya humu utamsomea nusu, nusu utaimeza. Nakujua.

Sisi tumemaliza bonde la juu. Magunia kumi na moja ya maganda, na mbegu safi hazijazi hata ndoo mbili. Mkwezi wetu, yule bwana anayepanda miti kwa kamba na kutudondoshea matawi, anakusalimu ingawa hakujui. Ana mikono kama mabeleshi. Mpishi naye ameapa kwamba maharage ya kopo ndiyo chakula cha wasomi, kwa hiyo tunazidi kuelimika kila siku.

Sasa lililonifanya niandike. Kisu changu kimepotea. Kiliniponyoka korongoni, nikakisikia kikigonga mawe mpaka chini. Nataka kingine, na mtu mwenye kaka muuza visu hanunui kwa kubahatisha. Nataka cha kukunja chenye zana zote: bapa zuri, msumeno mdogo wa matawi, mkasi wa utepe wa lebo, koleo la kukazia waya, na kifungua kopo, la sivyo tutakufa njaa tukiyaangalia maharage. Lakini sharti kuu ni hili: kifunguke kwa mkono mmoja. Si kwa kucha. Kwa kidole gumba tu, bila nguvu.

Na nakihitaji kabla ya mwezi wa sita. Mkubwa wa ofisi ya mbegu ametangaza ukaguzi. Kila mkusanyaji atasimama mbele yake, akate, afunge, aandike lebo, kwa zana zake mwenyewe. Atakayesuasua anarudishwa mjini kuchambua mbegu kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Nilikaa mle miezi mitano, kaka, nusura nianze kuzungumza na mizani. Huku porini ndiko ninakojiona mtu. Wasinirudishe.

Mdogo wako,
Siafu


Dukani, 27 Februari

Siafu,

Marahaba. Sisi tupo. Wifi yako analalamikia mgongo, ila anaulalamikia zaidi siku za kufua. Binti ameota meno, sasa anasema shangazi sawasawa, na anauliza kama shangazi hawaogopi chui. Nimemwambia tuwaonee huruma chui. Mama bado yuko vitani na jirani wa ghorofa ya juu kuhusu maji yanayodondokea nguo zake.

Tuje kwenye kisu. Nakuambia ninachowaambia wote wanaokwenda porini: anayetaka zana ishirini kwenye mpini mmoja atarudi na zana ishirini butu. Nina vitatu hapa mezani. Cha kwanza kina zana kumi na nne na kinang'aa kama kijiko cha wageni. Watu wa likizo wanakipenda sana. Ukikitia mfukoni suruali inashuka, halafu kina chombo cha kuparia magamba ya samaki, sijui wewe na samaki wapi na wapi. Cha pili ni koleo lenye visu ndani ya mipini. Kwa waya hakina mpinzani, ila kulifikia bapa lazima ukunjue mipini yote miwili, kwa hiyo kwa mkono mmoja hamna kitu. Cha tatu ni chepesi, zana saba tu, na bapa lina kinundu ubavuni cha kusukumia gumba. Likishafunguka, kibati cha springi kinachomoza ndani ya mpini na kulizuia lisikukunjikie vidoleni. Moyo wangu uko hapo. Tatizo ni kwamba springi yake ngumu, ilitengenezwa na watu wasioonea mtu huruma.

Sharti la duka unalijua. Kisu hakichaguliwi kwa macho. Mteja akiwa mbele yangu namshika mkono kwanza, ndipo nifungue kabati. Akiwa mbali, analaza kiganja kwenye karatasi, anatanua vidole, anauchora mkono kwa penseli na kunitumia. Mkono wa kulia, tafadhali. Undugu hauondoi sharti.

Na hebu niambie, kiliponyokaje? Wewe tangu utotoni ukikamata kitu hukiachii, ndiyo maana tukakuita Siafu.

Kaka yako


Kambini, 22 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Barua yako ilisafiri ndani ya lori la mahitaji chini ya gunia la viazi, imefika na udongo wake. Mvua zimetukalia kooni. Mahema yananuka, Mpishi amekuwa mkali, na Mkwezi anapanda miti inayoteleza huku akiimba kwa sauti mbaya ili, eti, miti imwogope. Mwambie binti yako kwamba chui bado hatujaonana, tunaheshimiana tu kwa mbali.

Mkono huu hapa kwenye karatasi. Usiucheke.

Cha tatu nimekipenda. Lakini hiyo springi, huwezi kuilainisha kidogo? Na koleo, liwe linajifungua lenyewe ukiliachia. Na mpini uwe na kitu cha kukwaruza, usiteleze. Na tundu la kamba, nikifunge kiunoni. Naona madai yanaongezeka, utadhani mgonjwa anayechagua chakula. Ni baridi ya asubuhi tu, vidole vinakuwa vizito mpaka jua lipande.

Kuponyoka ni kuponyoka, kaka, hakuna hadithi.

Halafu kuna kitu kilinijia nikiosha vyombo. Likizo yangu ya mwisho na baba, alikuwa anashika kikombe kwa viganja viwili, amekikumbatia kabisa. Mlisema ameacha ufundi saa kwa sababu ya macho. Mtu wa macho mabovu ana shida gani na kikombe? Nauliza tu.

Siafu


Dukani, 18 Aprili

Siafu,

Nisamehe kwa kimya. Tulikuwa na homa ya nyumba nzima, ikaanza na binti, ikamaliza na mimi, sasa imeondoka. Mama hajambo, amepungua uzito kidogo. Jirani wa juu amehama, na sasa mama hana wa kugombana naye, anatugeukia sisi.

Mkono nimeupima. Umenona huko porini, hongera zimfikie Mpishi. Uliuchora mwenyewe?

Kisu kiko ndani ya kitambaa cha bluu. Ni kile cha tatu. Nimekifanyia kazi ili kifunguke kirahisi. Mpini nimeuzungushia utepe wa mpira, nimetoboa tundu la kamba, na koleo nimelitia springi ya pili niliyoitoa kwenye koleo bovu. Msumeno unakata ukivuta, usiusukume. Bapa litumie kwa mwendo mwepesi, kama unamenya. Usichokonolee kitu, na usikandamize mgongo wake hata siku moja. Kifungua kopo sina la kusema, hata mpumbavu anakiweza.

Na neno moja, nakuapisha kama kaka yako. Kisu hiki ni chako peke yako. Usimwazime mtu, hata kwa dakika. Usiniulize kwa nini, chukulia kwamba visu vina wivu.

La baba: alikuwa mtu mzima, na watu wazima hushika vikombe wapendavyo.

Kaka yako


Kambini, 11 Mei

Kaka! Kaka! Kaka!

Shikamoo na asante zikufikie kwa pamoja. Kimefunguka. Nimekaa kwenye gogo nikakifungua na kukifunga, nikakifungua na kukifunga, mpaka Mpishi akauliza kama nimerukwa na akili. Kwa gumba tu, bila nguvu, kama ulivyoahidi. Jana nimekata matawi thelathini na kufunga lebo zote kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, sasa naweza kukuambia kwa kuwa imepita.

Ukaguzi ni tarehe ishirini na tisa. Mkubwa aje hata kesho.

Mkwezi alikiomba akijaribu, nikamkatalia, akaninunia mpaka jioni. Nimelishika neno lako.

Wabusu wote. Mwambie mama nanenepa.

Siafu


Kambini, 3 Juni

Kaka,

Salamu zipo, nitazileta siku nyingine.

Siku ya ukaguzi niliamka mkono haukunjiki. Kisu kilifunguka, siwezi kukionea. Kilichonishinda ni kukishika kikishafunguka. Kilianguka mara tatu kwenye majani mbele ya hema langu, mara ya nne sikuinama kukiokota. Gari la mkubwa lilikuwa linatarajiwa saa nne. Nikamfuata Mkwezi, nikamwambia nikatie fungu langu la matawi ukiwa hukohuko juu, mimi nijifanye nimemaliza mapema. Hakuuliza kitu. Alikuwa amejua siku nyingi, ni mimi niliyedhani nimevaa kofia ya kutoonekana. Kisu chake kilikuwa jikoni kwa Mpishi, nikampa changu.

Tawi lilikuwa nene. Kutoka chini nilimwona ameligeuza bapa, akaupiga mgongo wake kwa kiganja lipenye. Likamkunjikia. Alishuka kwa kamba kwa mkono mmoja, kaka, mita kumi na mbili. Gari la mkubwa likaingia wakati tunamfunga, na likageuza hapohapo kumpeleka hospitali. Vidole viwili vya kati kano zimekatika. Wameshona, lakini wanasema havitakunjika tena. Ana watoto watatu na hana kazi nyingine anayoijua. Mkwezi asiyekunja vidole ni nani?

Ule mkono niliokutumia kwenye karatasi ni wake. Nilimwambia ni mchezo wa familia. Wangu haukutanuka. Umeanza kuniishia nguvu tangu mwezi wa kumi mwaka jana. Kati ya gumba na kidole cha shahada pamebonyea kama godoro kuukuu, na nyama inarukaruka yenyewe chini ya ngozi nikiwa nimetulia. Usiniandikie ile methali ya mficha maradhi, nimeshajisomea mwenyewe mara nyingi.

Nina maswali mawili tu. Ulikifanya nini kile kisu? Na baba alikuwa na nini, na kilimchukua muda gani?

Siafu


Dukani, 12 Juni

Siafu, mdogo wangu,

Hapa hatujambo, na siandiki hivyo kwa mazoea, naandika kwa haya.

Nilijua siku ileile nilipokunjua karatasi. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima. Chako kimepungua ncha, na mlango ulioikata niliufunga mimi nikiwa na miaka tisa, tukikimbizana. Ningesahau kila kitu chako, hicho nisingekisahau. Nikakaa na ile karatasi nyuma ya kabati, nikaelewa kwamba mkono wako haulali tena juu ya meza. Ningekuandikia siku ile ninachokijua, leo Mkwezi angekuwa juu ya mti anaimba. Lakini nikachukua tupa.

Kile kibati cha kuzuia bapa nilikisaga, karibu robo ya unene wake. Nilikuwa nasaga, kisha namwita binti akijaribu kwa kidole gumba chake, nasaga tena, mpaka mtoto wa miaka saba akaweza kukifungua na kukikunja. Hapo ndipo nilipokifunga kwenye kitambaa. Miaka ishirini na miwili nawaambia watu kibati hakiguswi na tupa. Nilijidanganya kwamba mkono wako hauna nguvu ya kulishinda lile bapa, kwa hiyo kwako ni salama. Kwa mkono wenye nguvu kilikuwa mtego, nikakupa neno la kuapishana badala ya sababu. Ningeandika sababu, ningelazimika kuandika na mengine yote. Wewe ulimkabidhi tu. Vidole vya yule bwana nimevikata mimi. Humu kuna barua yake. Mpe mwenyewe, usiipunguze makali.

Baba alikuwa na hicho ulicho nacho. Kilianzia mkono wa kulia, palepale pa gumba. Kwanza akawa anaangusha skrubu za saa, akasema ni macho, nasi tukashika hilohilo la macho kwa sababu lilikuwa tayari. Daktari alitueleza kwamba ugonjwa huo unaweza kufuata damu, mtoto mmoja ukampata, mwingine ukamruka. Wewe ulikuwa huko porini, mwaka wa pili hujapata likizo, unaandika barua za furaha. Mama akasema usiharibiwe. Nikakubali upesi, maana kukubali kulikuwa rahisi. Baadaye tukakuambia ni kifua. Kifua kilikuja kweli, ila kilikuja mwisho, kumalizia.

Kila asubuhi kabla sijanyanyua mlango wa duka nachukua kisu kigumu kuliko vyote na kukifungua kwa gumba la kulia. Nilianza siku baba alipozikwa. Kinafunguka. Tangu karatasi yako ifike naona aibu kinavyofunguka.

Kile cha kwanza na cha pili nimeviondoa mezani. Leo mteja amekuja anataka kisu cha safari ya milimani, nimemwambia duka halina.

Kaka yako


Kambini, 30 Juni

Kaka,

Nimempa Mkwezi barua yako. Aliisoma akairudisha kwenye bahasha, akaniuliza kama mama yetu bado yu hai. Nikasema ndiyo. Akasema basi tusimwambie hili la kisu. Mimi nikalia, yeye hakulia. Jumamosi anaondoka na lori.

Unga wangu umemwagika. Mkubwa hakunifokea, na bora angefoka. Alikaa kwenye kiti cha Mpishi akaniomba nifunge kitanzi kimoja cha waya, kimoja tu, akasubiri muda mrefu kwa adabu. Hata kile chumba kisicho na dirisha hawanitaki, maana kuchambua mbegu ni kazi ya vidole. Fikiria, kaka, nakitamani.

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala. Nao umeanza kurukaruka.

Umejaza karatasi tatu, na swali langu la pili umelijibu nusu. Muda gani? Usinipunguzie hata mwezi.

Siafu


Dukani, 8 Julai

Siafu,

Miaka mitatu na miezi minne, tangu siku aliposhindwa kufunga kifungo cha kola mpaka siku tuliyomzika. Mwaka wa kwanza ulichukua mikono. Wa pili ukachukua miguu, tukawa tunambeba, mimi kwapani na mama magotini. Wa tatu ukachukua ulimi. Juzi nilikwenda kwa daktari yule yule, nikamuuliza kama kuna dawa mpya. Alinipa kiti kwanza, nikajua jibu.

Chumba cha nyuma nimekitoa masanduku ya duka. Wifi yako anapaka rangi, mgongo hausemi tena. Mama nimemwambia jana asubuhi. Hakulia mbele yangu, aliniambia nikanunue shuka. Basi la huko linafika hapa Alhamisi. Usingoje mpaka ushindwe kupanda ngazi zake. Nikiona Alhamisi mbili zimepita, nafunga duka nakuja kukuchukua, hata kama lori litanibeba chini ya viazi.

Ulisema nisikupunguzie, kwa hiyo kuna hili pia, ambalo hata na mama hatujawahi kulizungumza. Akili ya baba haikuguswa. Mpaka siku ya mwisho alielewa kila neno. Alipopoteza ulimi tulikubaliana naye macho: kupepesa mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Siku mama aliposema wewe usiambiwe, tulikuwa tumesimama miguuni pa kitanda chake, tunazungumza kana kwamba hayupo. Mimi nikasema sawa, asiambiwe. Kisha tukamtazama.

Alipepesa mara mbili. Tukangoja, akapepesa tena mara mbili. Tuliona wote wawili, nikamfunika shuka, tukatoka.

Kaka yako